Usimwambie Dereva wa Probox Aokoe Dunia

Desemba nilirudi nyumbani Litein na rafiki yangu wa Nairobi. Mvua ya Kericho ilianza saa tisa alasiri kama kawaida yake, na saa kumi tulikuwa ndani ya Probox, watu wanane na gunia la viazi. Najua sheria inasema nini kuhusu watu wanane kwenye Probox. Dereva pia anajua. Rafiki yangu, aliyekuwa amekalia nusu ya kiti, alitazama mashamba ya chai, akatazama moshi wa lori lililokuwa mbele yetu, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo gari zima liliisikia:

"Lakini huku kwenu watu watabadilika lini? Nairobi tayari tuko na mabasi ya stima. Ama huku bado wanaogopa?"

Dereva alikuwa mzee wa miaka sitini hivi. Alicheka, akashusha gia, gari likaanza kupanda mlima. Tulipofika juu ndipo akajibu bila kugeuza kichwa.

"Kijana, niletee moja ipande hapa na hawa watu wote. Halafu uniambie ikiharibika, mimi nampelekea nani."

Gari likacheka. Rafiki yangu naye akacheka, lakini baadaye tukinywa chai kwa mama aliniambia, "Unaona? Hiyo ndiyo mentaliti." Tuligombana hadi saa nne usiku, na makala haya ni sehemu ya ugomvi ule ambayo sikuimaliza.

Ninachosema ni hiki. Dereva wa Kericho au Bomet haogopi stima. Anakataa kubeba hatari peke yake. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kila anayeyachanganya anampa mtu maskini lawama ya tajiri.

Nianze kwa kusema kwamba mimi nataka magari ya stima. Nayataka kesho asubuhi. Sehemu kubwa ya stima ya Kenya, karibu asilimia 90, hutoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Petroli yote tunaagiza kutoka nje. Mwaka 2023 VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai, na kufika Septemba lita moja ya petroli ilikuwa imevuka shilingi 200. Mwezi Aprili mwaka huohuo, EPRA iliweka bei maalum ya stima ya kuchajia magari: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 zile saa za usiku ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Kwa kalamu na karatasi, stima imeshinda. Sihitaji semina kuliona hilo, na hakuna mtu wa boda pale Kapkatet anayelihitaji. Watu hawa hupiga hesabu ya mafuta kila asubuhi kabla hawajanawa uso.

Kwa hivyo kama hesabu ni nzuri hivyo, kwa nini steji ya Litein bado inanuka petroli?

Jibu la wenye warsha ni "uhamasishaji". Eti watu hawajaelewa. Hili ndilo jibu ninalotaka kulivunja kwanza, kwa sababu watu wetu wana historia, na historia hiyo haionyeshi watu waoga. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, nyanya yangu, ambaye hakuwahi kuwa na akaunti ya benki, alianza kupokea pesa kwa simu kabla ya wajukuu wake wengine kuamini kitu hicho. Mradi wa Last Mile uliposhusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 mwaka 2015, majirani zetu waliuliza swali moja tu: nguzo zinafika lini? Hakuna aliyehubiriwa. Katika mambo yote mawili, kujaribu kulikuwa rahisi na kushindwa hakukuwa na uchungu. M-Pesa ikikukataa, umepoteza laini ya simu. Stima ikipotea, unawasha taa ya kibatari kama jana.

Sasa linganisha na Mei 2023, wakati mashine za kuchuna majani chai zilipochomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho. Mitandaoni tuliitwa washamba, watu wa enzi za mawe. Lakini wale vijana walikuwa na simu mifukoni, wengine wakirekodi video. Hawakuwa na chuki na chuma. Mashine moja inachukua kazi ya wachunaji wengi, faida inaenda kwa mwenye shamba, na anayebaki na njaa ni mchunaji. Sitetei kuchoma mali ya mtu. Nasema tu kwamba watu wale wale waliokimbilia M-Pesa ndio waliokataa mashine, na tofauti haikuwa akili zao. Ilikuwa ni nani angeumia mambo yakienda vibaya.

Gari la stima, jinsi linavyouzwa leo kwa mtu wa kawaida, linafanana zaidi na mashine ya chai kuliko M-Pesa. Acha nieleze kwa mfano wa nyumbani.

Binamu yangu alichukua pikipiki ya stima kwa mkopo mwaka juzi. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa sitaki kesi na kwa kuwa tabia hiyo si ya kampuni moja. Pesa ya kuanzia ilitoka kwa bonasi ya chai ya mama yake. Kama hujakulia kwa chai, elewa uzito wa neno hilo. Mkulima mdogo hulipwa kidogo kila mwezi kwa majani anayopeleka, kisha mara moja kwa mwaka kiwanda kinatoa bonasi, na huku magharibi mwa Bonde la Ufa bonasi hiyo huwa chini kuliko ile ya wenzetu wa Murang'a na Kirinyaga. Hiyo ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo hospitali. Mama mtu akaitoa yote.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, na lazima niwe mkweli hapo. Binamu alikuwa anabaki na kama shilingi 250 zaidi kwa siku. Pikipiki haina kelele, haina oili ya kubadilisha, inapanda. Alikuwa anaisifu kama mtu aliyeokoka. Shida ilikuwa kwamba kituo cha kubadilishia betri kilikuwa mjini Kericho, kwa hivyo ilibidi afanye kazi mjini au karibu na mji, mbali na wateja wake wa miaka yote. Alihamia. Akapanga chumba. Zile 250 zikaanza kuliwa na kodi ya nyumba.

Kisha ikaja wiki ya mvua kubwa. Miti ikaangukia nyaya, stima ikapotea siku mbili, na betri pale kituoni zikaisha chaji. Aliisukuma pikipiki kutoka njia ya Kapsoit hadi mjini, akiwa ameshusha abiria njiani na kumrudishia pesa yake. Siku hizo mbili hakulipa malipo ya mkopo. Asubuhi ya tatu stima ilirudi, betri zikajaa, lakini pikipiki haikuwaka. Ilikuwa imefungwa kutoka ofisini kwa sababu ya deni. Alipiga simu, akaambiwa alipe kwanza ndipo ifunguliwe. Alilipa, akafunguliwa. Mwezi uliofuata ikatokea tena. Baada ya miezi saba aliirudisha, na bonasi ya mama yake ikaenda nayo.

Leo anaendesha pikipiki ya petroli ya mtu mwingine, jioni anampelekea mwenyewe pesa yake. Akija mtu na fomu ya kumuuliza kwa nini aliacha stima, nadhani kuna kisanduku kimeandikwa "ukosefu wa uelewa". Binamu yangu anaelewa kuliko aliyeandika fomu. Anaelewa kwamba stima ilipopotea, kampuni haikupoteza, muuza betri hakupoteza, na serikali haikupoteza. Alipoteza yeye na mama yake.

Hapo ni pikipiki. Sasa rudi kwa mzee wetu wa Probox.

Ukiwa Kilimani, gari ni kitu cha kukutoa hapa kukupeleka pale. Kwa mzee yule gari ni benki. Mtoto akipata barua ya chuo, logibuku inaenda kwa mkopeshaji na karo inapatikana wiki hiyohiyo. Mambo yakikaza kabisa, Probox inauzwa kwa siku moja, maana kila mtu anajua bei yake na kila fundi kutoka Chepseon hadi Silibwet anajua matumbo yake. Spea zipo Kericho, zipo Sotik, zipo Kisii. Akikwama saa mbili usiku pale Kaplong, kuna kijana na tochi na spana namba kumi atakayemfikisha nyumbani.

Gari la stima lililotumika halina hayo bado. Chukua Nissan Leaf za kizazi cha kwanza, zile ambazo mtu wa Litein angeweza kuzitamani kwa bei. Zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, na zilipopimwa Marekani zikiwa mpya zilienda takriban kilomita 117 kwa chaji moja. Zikiwa mpya! Kutoka Kericho hadi Nakuru ni kama kilomita 105, na kabla hujateremka unapanda hadi Mau Summit, kwa baridi, na mizigo. Betri huchoka na umri. Sasa mwambie mzee anunue gari ambalo huenda lisifike Nakuru, ambalo kitu chake cha bei ghali zaidi kinazeeka hata likiwa limeegeshwa, ambalo fundi wake hajawahi kulifungua, na ambalo hajui atamuuzia nani. Akikataa, unamwita mwoga?

Kuna magari mapya yenye betri kubwa, nayajua. Yanaenda mbali. Bei yake inanunua shamba la chai na ng'ombe wa juu yake.

Ongeza serikali inayobadilisha mawazo. Mwaka 2023 sheria ya fedha iliziondolea VAT pikipiki na mabasi ya stima. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ukapendekeza kuiondoa afueni hiyo, kabla mswada wenyewe haujatupwa mwezi Juni baada ya vijana kuingia barabarani. Mtu anayechukua mkopo wa miaka miwili au mitatu anatazama mchezo huo na kujiuliza: bei ya mwaka ujao nani anaijua? Yule mwenye pesa ya akiba anaweza kucheza kamari na sheria za Nairobi. Mwenye bonasi moja kwa mwaka hawezi.

Rafiki yangu, usiku ule, alinirushia Norway. Kweli, mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa Norway yalikuwa ya stima. Lakini angalia walifanya nini kufika hapo. Tangu miaka ya tisini serikali yao imekuwa ikiondoa kodi kwenye magari hayo, na kwa miaka mingi yaliruhusiwa kutumia njia za mabasi na kusamehewa ada za barabara. Wanorwe ni kati ya watu matajiri zaidi duniani, na hata wao hawakuombwa kubadilika kwa moyo mwema tu. Walibebewa mzigo. Sasa sisi tunamwomba mtu wa Roret afanye kwa imani kile ambacho Mnorwe alifanya kwa punguzo.

Akanirushia Ethiopia na Rwanda pia. Ethiopia ilizuia uagizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Rwanda ikaacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria mjini Kigali kuanzia Januari 2025. Naheshimu ujasiri huo. Lakini amri bila kubeba hatari ni kumhamishia maskini bili kwa nguvu badala ya kwa ushawishi. Kigali ni mji mmoja wenye vituo vya betri vilivyo karibu. Konoin ni vilima, matope na transfoma moja kwa kijiji.

Sasa naja kwa kile kinachoniudhi hasa.

Katika nchi hii ya chai kuna magari ambayo yangefaa kubadilishwa kwanza, na si boda wala Probox. Simama jioni barabara ya Mogogosiek uyaone. Ni malori ya viwanda vya chai. Kila siku yanatoka uwanja mmoja, yanazunguka mabanda ya kupimia majani kwa njia zilezile, kilomita zilezile, na kurudi uwanja uleule. Kiwanda kina laini kubwa ya stima na jenereta ya akiba. Kina fundi wake, mlinzi wake, mhasibu wake, na kinaweza kukopa benki kwa riba ambayo binamu yangu hawezi kuiota. Mashamba makubwa ya Kericho yamekuwa yakizalisha stima yao wenyewe kwa maji ya mito kwa miaka mingi. Serikali za kaunti zina magari yanayozunguka mjini kutwa nzima na kulala kwenye maegesho yenye ukuta. Haya yote yana njia fupi inayojulikana, mahali pa kuchaji usiku kwa bei nafuu, na mtu wa kubeba hasara.

Mbona basi kila tangazo la stima lina picha ya kijana wa boda akitabasamu? Mbona mwenye mto wa pesa nyuma yake anangoja "teknolojia ikomae", na asiye na hata blanketi anaambiwa awe wa kwanza? Tumezoea hivi. Dawa hujaribiwa kwetu, mbegu hujaribiwa kwetu, mikopo ya simu ilijaribiwa kwetu. Yakifaulu, inaitwa ubunifu. Yakishindwa, ni sisi tulikosa uelewa.

Mtu ataniambia hali ya hewa haingoji. Ni kweli, na hakuna anayejua hilo kuliko mkulima wa chai. Mvua ya mawe ikishuka dakika ishirini, majani ya wiki nzima yamekwisha. Kiangazi kikichelewa kuondoka, kikapu kinarudi nusu. Watu wetu wanaishi ndani ya hali ya hewa. Hawaisomi kwa simu. Lakini kama jambo ni la dharura kweli, basi aanze anayeweza kuanza leo, na huyo ana lori la tani kadhaa na akaunti ya benki. Dharura haiwezi kuwa sababu ya kumsukuma mbele yule ambaye akianguka hainuki.

Ninataka mambo matatu, na hayahitaji miujiza.

La kwanza, viwanda, mashamba makubwa na kaunti zitangulie. Zikinunua malori na magari ya stima, mafundi watajifunza hapahapa, spea zitafika Kericho, na magari yaliyotumika yatakuwa na soko. Hapo Probox ya stima itakuja yenyewe, na mzee wetu atakuwa wa kwanza kuigombania.

La pili, betri ziwekwe mahali watu walipo. Kila banda la kupimia majani, kila kituo cha maziwa ni mahali ambapo vijana wa boda hupita kila asubuhi. Na betri za kampuni moja zikubali pikipiki ya nyingine, kama vile petroli isivyouliza rangi ya tenki. Kampuni ikifunga ofisi, pikipiki isigeuke chuma tupu mikononi mwa aliyekopa.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa: siku ambayo stima imepotea isihesabiwe kuwa deni. Iandikwe ndani ya mkataba. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Hakuna mtu wa boda aliyeizima. Kama kituo hakina betri yenye chaji, malipo ya siku hiyo yasimame na pikipiki isifungwe. Mkopeshaji akibeba hasara hiyo, utashangaa jinsi atakavyokuwa na haraka ya kununua jenereta na sola za kituo chake.

Rafiki yangu alirudi Nairobi Jumatatu. Nilimpeleka steji asubuhi, na kwa bahati gari la zamu lilikuwa la mzee yuleyule. Aliponitambua alisema, "Yule wako wa magari ya stima, amepata jibu?" Rafiki yangu akaangalia chini. Mzee akamfungulia mlango wa mbele, akafuta kiti kwa kitambaa, akamwambia akae hapo asibanwe tena.

"Mimi sikatai," mzee alisema akiwasha gari. "Nimeuliza tu ikiharibika nampelekea nani."